NYUMBA YA KUKU KATIKA MILIMA YA BARIDI: MWENYE ANAANZA APANGE NAMNA GANI?



Huku kwetu juu ya milima ya Lubero kila mutu mwenye kufuga amesikia maneno haya: "Baridi imemaliza kuku." Mwenye kusema vile anarudi nyumbani, anaziba kila tundu ya nyumba ya kuku kwa udongo na kwa nguo za zamani, anafunga mulango nguvu. Kisha mwezi moja anazika kuku wengine tena, na anasema baridi ya mwaka huu ni kali kupita ya mwaka jana. Katika andiko hili tunataka kuonyesha neno moja tu: kuku mukubwa mwenye afya na manyoya kamili haogopi sana baridi. Anaogopa maji-maji, na upepo wenye kumupiga usiku kucha akiwa amelala. Nyumba yenye kuzibwa yote inamuletea ile yenye anaogopa zaidi.

Maneno haya si ya kupitisha wakati. Kamati ya wanafunzi imekubali kujenga nyumba ya kuku nyuma ya bustani ya masomo, ili feza ya mayai na ya vifaranga isaidie wenzetu wenye wanakosa feza ya masomo katikati ya mwaka. Tunajua wote ginsi inavyokuwa: mwenzetu anarudishwa nyumbani, anapoteza juma mbili ao tatu, na mara ingine harudi tena. Katika jamaa nyingi kuku ndiye benki. Kuku wakikufa mwezi wa tatu, mutoto anakosa mutihani mwezi wa sita. Kwa hiyo tupange vizuri mbele ya kupiga musumari wa kwanza.

1. BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI?

Mustari wa ekwateri unapita kati ya Butembo na Lubero. Mutu wa mbali atashangaa kusikia kama tunatetemeka hapa. Lakini tumefundishwa katika jeografia: kila ukipanda metre 1.000, joto linapunguka karibu digri 6. Kisangani pia ni karibu na ekwateri, lakini iko chini, metre 400 hivi, na watu wanalala bila bulangeti. Sisi tuko juu, karibu metre 2.000, na usiku joto linaweza kushuka mupaka digri 10 hivi.

Hata vile, baridi hii si sawa na ile ya inchi zenye majira ya baridi, kama Canada. Kule theluji inafunika udongo miezi mingi, na kipimo kinashuka digri 20 chini ya zero, mara ingine kupita. Maji ya kuku yanageuka jiwe ndani ya chombo. Yetu ni baridi ndogo, lakini ni baridi yenye maji: mvua ya nyuma ya saa sita, ukungu wa asubuhi, udongo wenye haukauki. Tushike tofauti hii, sababu njo inaonyesha kazi yetu. Mukulima wa Canada anapigana na barafu na maji-maji. Sisi tunapigana na maji-maji tu. Kazi yetu ni nusu ya kazi yake.

Kuko tofauti ya pili. Katika inchi zile, wakati wa baridi muchana unakuwa mufupi sana, na kuku anaacha kutaga kwa sababu anakosa mwangaza. Mufugaji anawasha taa ili kuku apate saa 14 hivi za mwangaza. Huku kwetu muchana ni karibu saa 12 mwaka wote. Kuku wetu akiacha kutaga, tusiseme ni majira. Tutazame chakula chake, tutazame kama anabadilisha manyoya, ao anataka kulalia mayai, ao yuko na minyoo.

2. KUKU ANAJIPATISHA JOTO NAMNA GANI?

Joto la mwili wa kuku ni karibu digri 41, letu ni 37. Asubuhi ya baridi mumekwisha kumuona amevimba kama mupira. Hajavimba kwa ugonjwa: ameinua manyoya yake ili hewa ikae ndani. Hewa ile yenye haitembei inapata joto la mwili na inalishika. Ni bulangeti yake, anaibeba kila pahali.

Bulangeti hii inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo: ukipita ndani ya manyoya unafukuza ile hewa ya moto. Ya pili ni maji: manyoya yenye kulowana yanashikamana na mwili, hayawezi tena kushika hewa. Kuku mukavu katika digri 5 analala vizuri. Kuku mwenye kulowana katika digri 12 anaumia.

Maji yanatoka wapi kama mulango umefungwa na paa haivuji? Yanatoka kwa kuku wenyewe. Kila pumuzi inatoa mvuke, sawa na pumuzi yetu inavyotoa moshi asubuhi. Na mavi mabichi ya kuku, sehemu tatu kwa ine ni maji. Tufungie kuku kumi na moja saa 12 za usiku ndani ya nyumba yenye haina tundu: mvuke unapanda, unakuta paa ya baridi, unageuka matone, unaanguka juu ya migongo yao. Wakati ule mavi yanatoa hewa kali yenye kuchoma macho na pua, ile yenye tunaita amoniaki katika kemia. Inachubua njia ya pumuzi ya kuku, na magonjwa yanapata mulango wa kuingilia. Asubuhi tunasikia kuku anakoroma, tunasema: "Ni baridi." Hapana. Ni nyumba.

3. WATU WA THELUJI WALITAMBUA NINI?

Mwaka wa 1912 munganga mumoja wa Marekani, Prince T. Woods, alitoa kitabu juu ya nyumba za kuku zenye hewa safi. Wakati ule wafugaji wengi wa kwao walikuwa wanaziba nyumba na kuzipasha moto. Yeye alifundisha kinyume: ziba vizuri pande tatu, lakini upande wa mbele, wenye kutazama jua, uache wazi na uweke waya, tena nyumba iwe ndefu kwenda nyuma, kuku walale mbali na ule upande wa wazi. Upepo hauwezi kupita sababu hauna pahali pa kutokea nyuma, lakini hewa inabadilika polepole. Kuku walilala vile katika theluji.

Kule Québec, katika Canada, mutawa Mukatolika wa Oka, Frère Wilfrid Châtelain, alifuata njia ingine: alitafuta kuku mwenyewe. Aliona kama kilemba kirefu na ndevu za kuku vinaungua kwa barafu. Akachanganya aina mbalimbali mupaka akapata kuku mwenye kilemba kidogo sana na karibu hana ndevu. Anaitwa Chantecler, na mwaka wa 1921 aliandikwa katika kitabu cha aina za kuku cha Wamarekani.

Sisi hatuna haja ya kuagiza Chantecler. Kuku wa huku kwetu amezaliwa katika baridi hii, bibi zake pia. Lakini fundisho linabaki: hata kwenye theluji hawakushinda kwa kuziba. Walishinda kwa kukausha.

4. MUPANGO WENYEWE

Tumefanya hesabu kwa kuku majike 10 na jogoo 1. Mwenye anaanza asipite hapo.

(a) Pahali. Tuchague pahali penye kupanda kidogo, maji yasisimame, na penye jua la asubuhi linafika mapema. Mbele ya kujenga, tusimike muti na kufunga kipande cha nguo juu yake. Juma moja tutazame, asubuhi, magaribi na wakati wa mvua, inaelekea wapi. Nyumba itageuzia upepo mugongo. Kama upepo hautoki mashariki, uso wa nyumba utazame mashariki, ili jua la asubuhi likaushe ndani.

(b) Ukubwa. Kuku wenye kutoka nje kila siku, ine wanatosha ndani ya metre moja ya mraba. Kwa kuku 11 tunahitaji karibu metre 3 za mraba: urefu metre 2, upana metre 1 na nusu. Mwenye kujenga nyumba kubwa sana kwa kuku wachache anapoteza miti na joto. Mwenye kusukuma kuku 25 ndani ya hii anatengeneza kisima cha mavi.

(c) Musingi. Wengi huku wanainua nyumba juu ya nguzo na kutandika sakafu ya miti yenye nafasi, mavi yaanguke. Katika bonde la joto ni vizuri. Juu ya mulima, upepo unaingia kwa chini na kupiga kuku tumboni usiku muzima. Kwa hiyo tufanye kilima kidogo cha mawe na udongo wenye kushindiliwa, santimetre 30 juu ya udongo wa nje, na kuzunguka tuchimbe mufereji. Mawe yanazuia panya pia.

(d) Kuta. Miti ya kalitusi ao mianzi, na udongo juu yake pande zote mbili. Ukuta wa udongo ni muzuri sana kwa baridi na haulombi feza. Ukuta wa mbele uwe na metre 2, wa nyuma metre 1 na santimetre 60. Kila ufa tuuzibe kutoka chini mupaka juu ya vichwa vya kuku. Hapo njo pahali pa kuziba.

(e) Matundu ya hewa. Hili ni neno kubwa la andiko letu. Juu kabisa ya ukuta wa mbele, chini ya paa, tuache nafasi ya santimetre 20 kutoka pembe moja mupaka ingine. Nyuma, vilevile chini ya paa, santimetre 10. Tuweke waya ao vijiti vya karibu-karibu, kicheche asiingie. Mvuke unapanda, unatoka pale. Kuku analala chini, upepo hamufikii. Matundu haya hayafungwi, hata siku ya baridi kali. Mutu akitaka kuyafunga kwa huruma, tumukumbushe kama kuku hana baridi, ni yeye mwenye koti njo iko nayo.

(f) Paa. Nyasi ni nzuri kupita manjanja, sababu haziwi baridi upesi na mvuke haugeuki matone. Mwenye tayari ana manjanja atandike mukeka ao matete chini yake. Paa ipite ukuta kwa santimetre 50 kila upande, mvua isipige matundu.

(g) Miti ya kulalia. Kila kuku anaomba santimetre 25. Miti miwili ya metre 1 na nusu inafanya metre 3, ni kusema pahali pa kuku 12. Iwekwe santimetre 60 juu ya sakafu, yote sawasawa, wasipigane juu ya ile ya juu. Tusitumie fimbo nyembamba. Tutumie ubao wa santimetre 5 ao 6 upana, pembe zake zimelainishwa: kuku anakalia vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya ya kifua. Vidole havina manyoya, bulangeti yao ni kifua.

(h) Viota. Kiota kimoja kwa kuku ine ao tano. Kwetu vitatu vinatosha. Santimetre 30 kila upande, katika pembe yenye giza, chini kuliko miti ya kulalia. Kikiwa juu zaidi, kuku watalala ndani na kuchafua mayai.

(i) Matandiko. Sakafu ipokee santimetre 10 mupaka 15 za vitu vikavu: takataka za randa za seremala, maganda ya kahawa, ao nyasi zenye kukatwa fupi. Yanakunywa maji ya mavi. Kila juma tugeuze kwa reki, tutoe yenye kulowana chini ya miti ya kulalia, tuongeze makavu. Yenye kutoka yanakwenda ku bustani. Hakuna kitu kinapotea.

(j) Maji ya kunywa. Yabaki nje, ao karibu na mulango, juu ya jiwe. Usiku kuku hanywi. Chombo cha maji ndani kinaleta maji-maji bure.

5. VITU VIWILI VYA KUKATAA

Cha kwanza ni mbabula ya makala ndani ya nyumba ya kuku yenye kufungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu, mwalimu wa kemia anaiandika CO. Haina rangi wala harufu. Inaua kuku, na inaua mutu mwenye kuingia kuwatazama. Tena matandiko makavu yanashika moto upesi. Kuku wakubwa hawana haja ya moto hata kidogo.

Cha pili ni kuzungusha shitingi pande zote. Wengine wameleta shauri hili katika mukutano kwa sababu ni rahisi. Plastiki inazuia mvua, ni kweli, lakini inazuia na mvuke kutoka. Kipande cha shitingi kinaweza kufunika ukuta wa upande wa upepo, nje. Kisifunike matundu ya juu.

6. VIFARANGA SI KUKU WADOGO

Yote tumesema ni kwa kuku wenye manyoya kamili. Kifaranga amezaliwa na sufu tu, na sufu haitoshi. Juma la kwanza anaomba digri 32 mupaka 35, kisha tunapunguza karibu digri 3 kila juma, mupaka juma la tano ao la sita wakati manyoya yametoka. Sisi wenye hatuna kipimo wala umeme, njia iko moja yenye uhakika: mama. Tumuache kuku alalie mayai siku 21, na akae na watoto wake katika pembe yenye kutengwa. Mwili wake wa digri 41 unapita mashini.

7. KUPIMA ASUBUHI

Nyumba ikiisha, ginsi gani tutajua iko muzuri? Kuko vipimo vitatu, havilombi feza.

Pua: asubuhi na mapema, mbele ya kufungua mulango wazi, mutu aingie na kuinama mupaka urefu wa kuku wenye kulala. Macho yakichoma, hewa haitoshi ao matandiko yamechoka.

Buji: usiku bila taa ingine, tushike buji yenye kuwaka karibu na miti ya kulalia, mbali na matandiko. Moto ukisimama wima, ni vizuri. Ukilala upande moja, kuko ufa wa kutafuta. Kisha tuinue buji karibu na matundu ya juu: hapo moto unapashwa kutikisika.

Mukono: tukamate matandiko na kuyafinya. Yakianguka yakifunguka, ni makavu. Yakibaki kama donge, ni wakati wa kuyabadilisha.

8. HESABU YA KWELI

Tusidanganyane. Kuku mumoja anakula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 11 ni kilo 1 na gramu 320, ni kusema karibu kilo 40 kwa mwezi. Wakitembea nje wanatafuta sehemu yao, lakini katika siku za mvua na baridi wanakula zaidi, sababu chakula njo makala yao. Mahindi kidogo kabla ya kulala yanawasaidia usiku. Na kuku wa huku kwetu anataga mayai 40 mupaka 60 hivi kwa mwaka. Majike 10 ni karibu mayai 500, na mengine tutayaacha yalaliwe. Haitakuwa utajiri. Itaweza kumulipia mwenzetu mumoja ao wawili pale pangekosekana kitu.

Tena nyumba nzuri haizuii kila kifo. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima katika siku chache, hata katika nyumba kavu. Kuko chanjo yenye kutiwa tone moja ndani ya jicho, na inarudiliwa kila miezi mitatu ao mine. Tumuombe munganga wa nyama mbele ya kununua kuku.

Na likizo kubwa? Mwezi wa saba na wa nane masomo yanafungwa, lakini kuku hawana likizo. Sisi wa mwaka wa mwisho tutakuwa tumekwenda baada ya mutihani wa serikali. Kwa hiyo tunaomba kila darasa litoe wanafunzi wawili wenye kukaa karibu, na majina yao yaandikwe ku mulango wa ofisi mbele ya Pasaka. Bila majina yale, tusinunue hata kuku mumoja.

Kazi ya mikono ya siku ya posho itaanza kwa kilima na mufereji. Wenye kutoka upande wa msitu walete miti ya kalitusi, wengine mawe, na wenye wazazi wao ni maseremala walete takataka za randa, zikiwa kavu. Mwenye ana shauri ingine juu ya mupango huu alilete ku kamati mbele ya siku ile, na vipimo vyake vimeandikwa.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa mwisho